Ngozi Isiyo na Mwenyewe

Kila sanaa ina kitu chake ambacho mwanagenzi huruhusiwa kukiharibu. Anayejifunza ushoni hupewa vipande vya marekani akavitoboa atakavyo, na vikiisha kutoboka hufagiwa pamoja na nyuzi, wala hapana aliyedhulumiwa; lakini mtu anayejifunza kuchora tatuu hukuta kwamba kitambaa cha sanaa yake kimekwisha kuvaliwa, kina mwenyewe, kinauma, kinatoka damu, na kosa litakalotiwa humo leo litazikwa pamoja na aliyelichukua. Waarabu wana methali ya kale juu ya mtu anayejifunza kuumika vichwani mwa mayatima, na maana yake ni dhahiri kwa kila aliyewahi kuwaona waumikaji wa pwani na pembe zao: yatima hana wa kumtetea, kwa hiyo mkono mbichi hujizoeza juu yake. Nimeishi katika kazi hii muda wa kutosha kuwaona mayatima wake. Ni vijana wa vijiwe vya bodaboda waliochorwa bure majina ya wapenzi waliokwisha kuwaacha. Ni wanafunzi waliokubali kulazwa juu ya kitanda cha bweni kwa sababu rafiki yao alikuwa amenunua mashine. Ni wadogo zake mtu, ambao hawakupata nafasi ya kukataa. Mara nyingi hunitosha kuutazama mstari kidogo ili nijue kwamba siku ulipochorwa aliyeuchora alikuwa bado anatafuta mkono wake.

Kwa ajili hiyo suala la ngozi ya mazoezi, ambalo wengi hulidhani kuwa suala la bei na la duka gani lina mzigo mpya, kwangu mimi ni suala la insafu kwanza, na la ufundi baadaye.

Nilizaliwa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya babu aliyeshuka kutoka uwanda wa juu wa Newala kuja kukata mkonge, kama walivyofanya Wamakonde wengi wa zama zake, na usoni alikuwa na nembo za kwao, mistari ya pembe pembe iliyopangwa juu ya mashavu na kipaji cha uso, ambayo fundi aliikata kwa kisu kidogo kisha akaisugua kwa makaa yaliyosagwa, hata ikapona na kubaki na rangi ya buluu nzito. Watoto wa mtaani waliziogopa nembo zile. Mimi nilizifuata kwa kidole alipokuwa amelala mchana. Siku moja nilimwuliza fundi yule alijifunzia juu ya nani, na babu, ambaye hakupenda maswali ya kitoto lakini hilo alilipenda, alinijibu, "Mjukuu wangu, yule alitazama kwanza. Alitazama sana. Tena alikuwa mchonga mapiko." Mapiko ni vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za unyago na jando, na Wamakonde huvitia nembo za usoni kwa nta ya nyuki iliyobandikwa juu ya mti, zikasimama kidogo kama zinavyosimama juu ya uso wa mtu. Sikuelewa wakati ule kwamba huenda nilikuwa nimekwisha kujibiwa: mkono wa fundi ulikuwa umezoea sura ya kazi yake juu ya mti na nta, vitu visivyolia, kabla haujafika katika mashavu ya mtoto.

Ukubwani nilikwenda Dar es Salaam kuwa mwanagenzi wa mchoraji mmoja wa Kinondoni, mtu wa maneno machache na mikono myepesi, ambaye simtaji jina kwa kuwa hapendi kutajwa. Alinipokea kwa sharti moja. "Hutagusa mtu," alisema, "mpaka uniletee ngozi ninayoweza kuitazama bila kukunja uso. Ngozi gani, utachagua mwenyewe. Lakini kila utakayoileta utanieleza mambo mawili: imekufundisha nini, na imekuficha nini." Nusu ya kwanza ya sharti hilo niliielewa papo hapo, ile ya pili ndiyo ambayo ningali nikiitumia hata leo, kwani sijaona ngozi ya mazoezi isiyomficha mwanagenzi jambo, wala sijaona hasara kubwa katika kufichwa, maadamu ajue ni jambo gani alilofichwa.

Nilianza na karatasi, kama walivyoanza wengi, nikadhani ninajishusha. Baadaye nilijua kwamba karatasi ndiyo ngozi ya kwanza ya mashine yetu: Thomas Edison alipata hataza ya kalamu yake ya umeme mwaka 1876, chombo ambacho sindano yake ilipanda na kushuka upesi ikitoboa karatasi ili wino upitishwe matunduni na nakala nyingi zipigwe, na ni fikra ile ile ambayo Samuel O'Reilly wa New York aliigeuza akapewa hataza ya mashine ya tatuu tarehe 8 Desemba 1891. Karatasi hufundisha mchoro, yaani mizani, nafasi, na mstari unaojua unakokwenda. Mwenye kushindwa kuchora kwa kalamu ya risasi hataponywa na umeme. Zaidi ya hapo haina la kusema, nami sitakawia juu yake.

Kabla ya kwenda mbele yafaa msomaji ajue tunachokitafuta ni nini. Ngozi ya juu ya binadamu, katika sehemu kubwa ya mwili, ina unene wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, nayo hujibandua na kuzaliwa upya daima, hata wino ulioishia humo huondoka na taka zake baada ya majuma machache. Chini yake kuna ngozi ya ndani, yenye unene wa milimita moja hadi nne kwa kadiri ya mahali, na wino hutakiwa utulie katika sehemu ya juu ya tabaka hilo, takriban milimita moja au mbili tangu nje. Ukipita hapo ukaingia katika shahamu, hutawanyika, na mstari uliokuwa mweusi na mkali huota pembeni kivuli cha buluu kisichofutika. Ndani ya ngozi ile kuna seli za ulinzi wa mwili, ambazo wataalamu huziita makrofaji, zinazoumeza wino kama zinavyomeza kila kigeni. Na mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zinapokufa huuachia wino, na nyingine huja zikaumeza ule ule. Tatuu basi ni amana inayopokezanwa na walinzi, na mlango wa kuiweka amana hiyo hauzidi unene wa kadi chache za simu. Sasa nenda sokoni ukatafute kitu chenye sifa hizo zote.

Mimi nilikwenda kwenye machungwa, kwa kuwa mtu wa Tanga akikosa la kufanya huanzia kwenye machungwa. Chungwa la Muheza, lile la kijani lenye ganda la kukaza, ni mwalimu mzuri kuliko linavyodhaniwa. Ni la mviringo, na mwili wa mtu hauna mahali palipo bapa, kwa hiyo mstari ulionyooka juu ya karatasi hujifunza huko kupinda pamoja na kitu bila kupotea njia. Fauka ya hayo ni shahidi asiyepokea rushwa, kwa sababu sindano ikizama kupita kiasi maji hutoka, na hapana maneno ya kujitetea mbele ya chungwa linalotiririka. Ndizi mbivu ina hila nyingine. Ukiichora kwa sindano isiyo na wino kisha ukaiacha, kila tundu hugeuka hudhurungi kwa taratibu, na kesho yake asubuhi unaona mchoro wako wote umejiandika wenyewe, mahali mkono ulipokuwa mzito pakiwa peusi zaidi na mahali ulipokuwa mwepesi pakiwa pamefifia. Ni kama kusomewa barua ambayo hukujua kwamba uliiandika. Lakini yote mawili huficha jambo kubwa, nalo ni mvuto. Ganda la tunda halivutiki wala halirudi, mafuta ya ganda la chungwa huzuia alama ya stensili, ule mchoro unaobandikwa kwanza ili ufuatishwe, isishike, na aliyezoea matunda tu akipewa mkono wa mtu hushangaa kuona kwamba mkono ule unacheza. Nilimweleza mwalimu hivyo. Akachukua chungwa moja ambalo halijatiwa wino, akalimenya, akala, akaniambia nitafute kingine.

Kingine kilikuwa nguruwe. Ngozi yake ina undugu wa karibu na ya binadamu, kwa unene, kwa vinyweleo, na kwa shahamu iliyolala chini yake, na wanafunzi wa udaktari katika nchi nyingi huitumia kujifunza kushona majeraha. Kuipata Dar es Salaam si kazi, kwa maana walaji wa kitimoto ni wengi na mabucha yake yanajulikana. Nilikwenda Sinza, nikamwomba mwuzaji anikatie kipande cha tumbo chenye ngozi na shahamu yake, naye alipoona nimekataa nyama akanitazama kwa huruma akidhani sina fedha. Taabu ilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimepanga chumba Buguruni kwa mama mmoja wa Bagamoyo, mcha Mungu, aliyenikaribisha kwenye friji yake kama mwanawe wa kumzaa, na jioni ile nilipoingia na kifurushi changu alikwisha kukijua kabla sijasema neno. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha, kwa sauti ile ile ya upole, "Mimi sikuulizi kazi yako, ingawa naijua, wala Mungu hataniuliza mimi kwa kazi yako. Lakini hicho hakitalala katika friji yangu, wala hakitapita ukumbini mwangu." Nikamwomba radhi, nikatoka nacho usiku ule ule, nikakilaza ndani ya ndoo ya barafu kazini Kinondoni. Ninalieleza jambo hili kwa sababu vitabu vya kazi yetu, ambavyo aghalabu huandikwa na watu wa nchi nyingine, husema ngozi ya nguruwe ni bora kisha hunyamaza, visiulize itahifadhiwa nyumba ya nani. Nimepata baadaye wanagenzi Waislamu, nao wapo ijapokuwa mashekhe hawairidhii kazi yenyewe, na sikumwambia hata mmoja wao kwamba pasipo nguruwe hapana ujuzi. Ngozi mbichi ya mbuzi kutoka machinjioni Vingunguti, ikinyolewa vizuri kwa wembe, inakwenda karibu; ni nyembamba zaidi, na unene wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali, tabia ambayo ngozi ya mtu pia inayo.

Ngozi ya mnyama, ikitandazwa juu ya ubao na kubanwa kwa misumari midogo pembeni, hukufundisha kile ambacho tunda haliwezi: sauti ya sindano inapoingia na ukinzani wake, namna wino unavyokubaliwa ukienda polepole na unavyotemwa ukienda haraka, na jinsi mahali palipopitiwa mara nyingi panavyochanika mithili ya karatasi iliyolowa. Inachoficha ni uhai. Haivimbi, haitoki damu, haitoi ute unaochukua wino na kuufanya uonekane umeshika kumbe umeelea. Tena katika joto la Dar es Salaam haikupi muda, maana baada ya saa chache somo hukatizwa na pua. Na yafaa niongeze neno la usafi, hata kama litaonekana la kuchosha: sindano iliyogusa ngozi ya mnyama hutupwa, na mashine, meza na mikono husafishwa kana kwamba maradhi yote yamepita hapo, kwa maana virusi vya Ukimwi havipatikani katika mbuzi wa Vingunguti lakini uzembe ulioanzia juu ya mbuzi huhamia juu ya watu.

Ndipo nilipofika kwenye silikoni. Siku hizi kila mtu huanzia hapo, na pengine ndiyo sababu nimeiacha nyuma makusudi. Ngozi hizi za bandia huja aghalabu kutoka Uchina, zikiwa karatasi za ukubwa wa daftari, na anayeagiza kwa simu hupata picha nzuri na maelezo mafupi yasiyomsaidia. Nitasema nilichokiona kwa mikono yangu. Kuna zile nyembamba na ngumu, zenye ukinzani wa plastiki, ambazo sindano huziparuza badala ya kuziingia. Bei yake ni ndogo na thamani yake ni ndogo zaidi. Kuna zilizopigwa chapa ya michoro tayari, waridi, fuvu, nanga, ili mwanagenzi azifuatishe, nazo sizipendi kabisa, kwa sababu humwondolea nusu ya kazi, yaani kuandaa stensili, kuibandika mahali pake na kuilinda isifutike, kisha humsifu kwa nusu iliyobaki. Kuna mifano ya mikono na viganja iliyotengenezwa kwa ustadi, ghali, ambayo anayeanza huinunua kwa ajili ya picha. Na kuna zile laini zenye unene wa milimita tatu hivi, ambazo ukizifinya hurudi, ukizikunja hazifanyi ufa, pande zote mbili hazina kitu. Hizo ndizo ninazonunua.

Hata hizo zina adabu zake. Hufika zikiwa na utelezi wa kiwandani, basi ioshe ngozi kwa sabuni na uikaushe; stensili ikisha kubandikwa iache ikauke kwa saa nyingi, usiku kucha ukiweza, maana silikoni hainywi kama ngozi inavyokunywa; paka mafuta mepesi ya mgando kabla ya kuanza, wino unaomwagika usiipake doa; ufute kwa kugusa badala ya kusugua; na kama unatumia mkono wa kulia, anzia chini upande wa kulia ukipanda, ili kiganja chako kisikifute ulichokusudia kukichora. Hilo la mwisho hufaa juu ya watu vile vile, na mwenye kulijifunza juu ya silikoni atakuwa amepata faida ya fedha zake.

Bali ghururi ya silikoni ni kubwa kuliko ya ngozi nyingine zote, na inatokana na uzuri wake. Haina shahamu, haina maji, haina walinzi wa kubeba wino wala mahali pa kuutawanya. Kwa hiyo mstari uliochorwa kwa kina cha nusu milimita na mstari uliozamishwa milimita tatu huonekana sawasawa, yote miwili myeusi, yote miwili mikali, yote miwili yastahili kupigwa picha na kuonyeshwa marafiki. Nimewaona vijana wenye kabati zima la kazi za silikoni, kazi ambazo mtu hawezi kuzitia dosari kwa macho, wakigusa mkono wa mtu wa kwanza wanazamisha wino shahamuni kwa utulivu na fahari. Mwalimu wangu alikuwa na dawa ya ghururi hiyo, rahisi hata nikaona haya kwa kutoifikiri. Chagua karatasi ya silikoni iliyo nyembamba kidogo, ya milimita mbili au pungufu, itandaze juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, kisha chora; ukimaliza usiutazame mchoro, inua ngozi utazame karatasi. Kila nukta nyeusi juu ya karatasi ile ni mahali ulipovuka mpaka. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza alichukua karatasi ya chini akaibandika ukutani, na mchoro wenyewe akaurudisha kwangu bila kuutazama.

Lipo jambo jingine la kuchaguliwa ambalo halikuwemo katika maelezo ya wauzaji, nalo ni rangi. Ngozi za bandia nilizozikuta sokoni zilikuwa na rangi ya watu wa Ulaya, nyeupe ya kuelekea waridi au manjano hafifu, na mimi na mwalimu wangu na karibu kila aliyeingia katika mlango wetu tulikuwa weusi. Mtu atasema rangi ya silikoni haidhuru, sindano haioni. Ni kweli sindano haioni, lakini jicho linaona, na jicho ndilo mwanafunzi. Melanini, ambayo ndiyo rangi yetu, imekaa katika ngozi ya juu, ilhali wino umekaa katika ngozi ya ndani. Kwa hiyo baada ya kupona tatuu huonekana kupitia rangi ya mwenyewe, kama chini ya kioo kilichotiwa rangi. Kivuli cha kijivu hafifu kinachopendeza juu ya karatasi ya waridi humezwa. Manjano hugeuka hudhurungi. Mistari miembamba iliyosongamana hukutana ikawa wingu. Anayejifunzia juu ya ngozi nyeupe hujifunza lugha ya minong'ono, kisha anatakiwa kusema mahali panapohitaji sauti: mweusi kamili, mstari wenye mwili, na nafasi wazi za kutosha baina ya kitu na kitu ili ngozi yenyewe ifanye kazi ya mwanga.

Baadaye zilikuja sokoni ngozi za bandia za kahawia, nikazifurahia, ila nikaona kwamba nazo zina ubovu wake, maana katika silikoni ya kahawia rangi imeenea tangu juu hadi chini, wino umechanganyika nayo, wala haukufunikwa nayo. Njia niliyoishia kuipenda haikugharimu kitu. Nilichukua ile karatasi angavu ya kufungia zawadi, yenye rangi ya chai kavu, nikaitandaza juu ya kazi iliyokwisha kuchorwa juu ya ngozi nyeupe, tabaka moja kwa mtu mweupe wa maji ya kunde, mawili au matatu kwa mtu mweusi wa kuiva, nikatazama kilichobaki. Maua ya rangi saba yalibaki majani tu. Mchoro mmoja mzito, ambao mwalimu aliwahi kuuita wa kishamba, ulivuka tabaka zote ukiwa mzima, akaufuta usemi wake. Tangu siku hiyo simruhusu mwanagenzi anionyeshe kazi ya mazoezi pasipo karatasi ya chai juu yake.

Kuhusu mkono wa kushoto nitasema kidogo, ingawa unastahili insha yake. Juu ya mwili wa mtu mkono usioshika mashine ndio unaofanya kazi iliyo ngumu, kuivuta ngozi pande zote hata ikaze kama ngoma, kwa maana sindano haiingii sawasawa katika kitu kinachoyumba. Na ngozi iliyopigiliwa juu ya meza huufundisha mkono huo uvivu. Funga silikoni kuzunguka mkono wako mwenyewe au paja lako, au la rafiki, ikiwa juu ya kitambaa kinene kitakachozuia sindano, ili ujifunze kukaa vibaya, kuinama, kuzunguka kiwiko, na kuongea na mtu anayesema mguu wake umekufa ganzi. Mimi mwenyewe ngozi yangu ya kwanza iliyo hai ilikuwa paja langu, kama ilivyo ada ya kazi hii, na alama hiyo, ndogo na ya kawaida, bado ninayo.

Yapo yasiyofundishwa na ngozi yoyote ya kununua. Juu ya mtu mweupe ngozi iliyochoshwa hugeuka nyekundu, na vitabu humwambia mchoraji asimame aonapo wekundu. Juu yetu wekundu hauonekani upesi, hivyo uchovu wa ngozi husomwa kwa kidole, kwa joto na uvimbe wake, na kwa mng'ao fulani unaotokea kabla ya madhara. Aidha watu wa rangi yetu hupatwa zaidi na makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, na kwa hilo mwalimu alinifundisha kitu ambacho karibu kila Mtanzania huja nacho bila kujua: kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, tunayochanjwa tukiwa wachanga. Kabla ya stensili, kabla ya bei, alimwomba mteja amwonyeshe kovu hilo. Likiwa bapa aliendelea. Likiwa limeota kama punje ya harage, alimketisha mtu huyo, akamweleza, na mara nyingine akamrudisha nyumbani na fedha zake. Nilikwenda Tanga likizo moja nikamsimulia babu habari za silikoni, karatasi ya chai na makovu, naye alisikiliza yote kwa taadhima, kisha akaniuliza kama hiyo ngozi ya Wachina inapona. Nikamwambia haiponi. "Basi hujui bado," akasema, akaomba chai yake.

Alisema kweli, kwa kuwa mstari mbichi ni ahadi tu, na ukweli wake hujulikana baada ya ngozi kujibandua, kukauka na kutulia, majuma mawili kwa juu na miezi kwa ndani. Na sehemu hiyo ya somo imo katika miili ya watu ambao wamekwisha kulipa na kwenda zao. Mimi sasa nina wanagenzi wangu wawili, na katika chumba chetu kuna daftari ambamo kila mteja wa mwanagenzi huandikwa simu yake, naye huahidiwa soda na marekebisho ya bure iwapo atarudi baada ya mwezi ili mkono wake utazamwe. Wengi hawarudi, kwa maana aliyepona vizuri hana haja nasi, na soda inauzwa kila mahali. Wanaorudi ni wenye malalamiko: mstari uliokatika, herufi iliyovimba, kijivu kilichopotea. Vijana wangu huwaona wakiingia wakatafuta kazi ya kufanya chumba cha nyuma. Nami huwaita watoke, wawashe taa kubwa, wavute kiti karibu.